Ng'ombe Aliyetolewa Katika Teatri

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo kidogo cha polisi, Kalembe, eneo la Walikale. Jumapili tarehe 11 Agosti 2019, saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Mbele ya Dusabimana, afisa wa upelelezi (OPJ).

Kuhusu: mtamba mmoja mwekundu, na Bwana Esdras wa Kashuga, aliyeshikiliwa tangu saa moja asubuhi kwa kushukiwa kuiba mtamba huyo.

Naitwa Uwamariya Athanasie. Nina miaka hamsini na nne. Kadi ya kura inasema hamsini na miwili, lakini aliyeiandika alikuwa na haraka. Ni mkulima wa maharage na viazi, na nina ng'ombe mmoja. Naishi Burungu, Masisi. Nimeolewa na Mbonigaba Pierre, ambaye yuko hapo nje kwenye benchi, na nimeomba asiingie mpaka nimalize.

Afisa ameniambia niseme niliyoyaona na niache niliyoyasikia. Nitajaribu.

Kwanza ng'ombe. Anaitwa Gaju na ni wangu, si wa Pierre. Anatoka katika ukoo wa ng'ombe ambaye baba yangu alinipa siku niliyoolewa. Wengine wote walipotea tulipokuwa tukikimbiakimbia vita. Yeye alipona kwa sababu alikuwa na siku nne tu, nikamfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto, nikatembea naye hivyo kutwa nzima. Sasa ana mimba ya miezi mitano. Mimba ya kwanza.

Binti yetu Noëlla, mwenye miaka ishirini na mitatu, ndiye kiongozi wa kikundi cha teatri cha kwetu. Kila kiangazi, shule zikifungwa, kuna festivali hapa Kalembe na vikundi vinatoka vilima vyote. Mwaka jana walicheza mchezo wenye ng'ombe ndani yake, na ng'ombe huyo alikuwa vijana wawili chini ya blanketi. Kijana wa nyuma akapiga chafya. Noëlla alirudi nyumbani akalala siku mbili bila kutaka kuongea na mtu. Mwaka huu akaandika mchezo mwingine. Majirani wawili wanagombania mpaka wa malisho miaka kumi, na mwishowe Tajiri anampa Jirani ng'ombe. Ndivyo wanavyoitwa katika mchezo, Tajiri na Jirani, hawana majina mengine. Pierre alikuwa Tajiri. Tulicheka sana nyumbani juu ya hilo. Jirani alikuwa mwalimu Bienvenu, mtu wa kwetu.

Noëlla alitaka ng'ombe wa kweli. Akamtaka Gaju kwa sababu ni mpole na anapenda watu wakiimba. Nilikataa wiki mbili. Nilipokubali niliweka sharti moja, kwamba aendapo niende. Kwa hiyo iandikwe kwamba mimi sikuja Kalembe kuangalia teatri, nilikuja kumwangalia ng'ombe wangu.

Mnamo tarehe 9 Agosti, siku ya Ijumaa, saa kumi na moja na nusu alfajiri, tuliondoka Burungu kwa kamioneti ya Samy, mdogo wangu, ambaye ni dereva. Wachezaji wengine walikuwa wametangulia Alhamisi. Mbele alikaa Samy na mama mkwe wangu Emérita, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyekuja na kiti chake cha nyumbani kwa sababu haamini viti vya watu. Nyuma tulikuwa Pierre, Noëlla, mwalimu Bienvenu, mimi na Gaju. Noëlla alikuwa amemvika Gaju shada la maua shingoni.

Safari ilikuwa nzuri, siwezi kusema vingine. Vumbi lilikuwa jingi lakini hewa ilikuwa ya baridi, na ng'ombe walionekana mbali juu ya vilima. Tuliimba. Tatizo lilikuwa shada. Kila tulipopita watu waliona mtamba mwenye maua na familia iliyovaa vizuri, wakadhani tunapeleka mahari. Wanawake waliokuwa wakichimba viazi walisimama na kutupongeza. Kwenye kizuizi kimoja askari aliuliza bwana harusi yuko wapi, akamtazama mwalimu Bienvenu, akamtakia watoto wengi. Mwanzoni Pierre alikuwa akieleza habari ya teatri kwa kila mtu. Tulipofika Kitchanga alikuwa amechoka, akawa anasema asante tu, na mama mkwe anatoa baraka kwa dirisha. Namwambia afisa jambo hili ili ajue kwamba mume wangu siku hiyo alikuwa ameshazoea kushukuriwa kwa ng'ombe ambaye si wake.

Saa tatu tulifika Mweso. Mwalimu Bienvenu alikuwa amekula mahindi ya kuchoma na maziwa mgando tangu Kitchanga, tena nilimwonya. Tumbo likamshika, ikabidi tumwache hospitalini. Nasikia leo anakula uji. Noëlla akakaa juu ya gunia akalia. Hakuna mtu mwingine katika kikundi ambaye angeweza kuwa Jirani, wote ni vijana wasio na mvi hata moja.

Saa tano kasoro tulifika Kashuga. Hapo barabarani mzee mmoja mwembamba mwenye fimbo ya kuchungia alituomba nafasi, anakwenda Kalembe kumtembelea binti yake anayekaribia kujifungua. Huyo ndiye Papa Esdras. Sikumjua kabla ya hapo. Alipanda nyuma, akasalimia watu, kisha akamsalimia Gaju, akapapasa mgongo wake na kuniambia ana mimba ya miezi mitano. Sikuwa nimemwambia.

Nilimuuliza ng'ombe wake wako wapi, kwa kuwa ana fimbo. Akasema alikuwa nao kumi na mmoja, sasa ni miaka saba anakaa katika kambi ya wakimbizi wa vita na fimbo tu. Watoto wa kambi wanamwita Papa Fimbo. Alisema hivyo akicheka, nasi tukacheka, kisha hatukujua tuangalie wapi.

Mbele ya Kashuga kuna daraja dogo la magogo. Ilikuwa karibu saa sita. Gogo moja lilizunguka, gari likainama upande, Gaju akaanguka ubavu. Kamba ya shingo nilikuwa nimeifunga mimi mwenyewe, fupi mno, kwa kuogopa asiruke. Ikamkaba. Nikaishika nikaanza kuivuta kwa nguvu zangu zote, na kumbe nilikuwa navuta upande wa kumkaba zaidi. Papa Esdras hakupiga kelele. Aliniambia:

"Mama, achilia kamba. Weye njo uko unamuua."

Nikaachilia. Aliingiza fimbo yake kati ya kamba na shingo, akaizungusha, pumzi ikarudi. Kisha akalala chini ya bega la Gaju, mtu wa mifupa mitupu, akalishika ili Gaju asilalie tumbo, akimwimbia polepole wimbo wa kunywesha ng'ombe, mpaka Samy na Pierre na vijana wa shamba la jirani wakaweka mbao na kumwinua. Ilichukua muda mrefu. Alipotoka bega lake lilikuwa limechubuka lote na shati limekatika. Tulimpa viazi akakataa kula mpaka amwone Gaju akinywa maji. Gaju akanywa. Ndipo akala.

Tangu pale hadi Kalembe Pierre hakusema neno. Mume wangu akinyamaza ni kwamba anapanga kitu, na kwa kawaida kitu hicho kinanigharimu mimi.

Tulifika saa kumi alasiri. Jioni ile Noëlla alimwomba Papa Esdras awe Jirani. Mzee akasema hajui teatri. Noëlla akamwambia asihangaike, maneno yote atasema baba yake Pierre, yeye atapokea tu ng'ombe na kushukuru, na maneno ya kushukuru kwa ng'ombe anayajua. Mzee akasema hayo anayajua.

Mnamo tarehe 10 Agosti, siku ya Jumamosi, saa tisa alasiri, kikundi chetu kiliitwa. Uwanja ulijaa. Jukwaa lilikuwa la mbao, Gaju alilikataa, hivyo wakachezea chini kwenye nyasi. Mimi nilikaa mstari wa tatu na mama mkwe, yeye kwenye kiti chake. Samy hakuwepo, alikuwa nyuma ya kanisa anaziba mpira wa gari, na hilo ni muhimu.

Mchezo ulikwenda vizuri. Watu walicheka pale pa kucheka. Pierre anajua kuigiza kiburi, sijui alijifunzia wapi. Papa Esdras alisimama tu na fimbo yake na bega lake lililofungwa kitambaa, na watu walikuwa wanamwangalia yeye tu.

Ikafika mahali pa ng'ombe. Hapa afisa ameniomba niseme polepole.

Kwetu ng'ombe hatolewi kwa karatasi. Anatolewa kwa mdomo mbele ya watu. Anayetoa anajitaja jina, anamtaja anayepewa, anamtaja ng'ombe. Anayepewa anajibu kwa kumtaja aliyempa. Kama mwenye ng'ombe hataki, anasema pale pale. Vigelegele vikishapigwa, imekwisha, na kuanzia hapo kumnyang'anya mtu ng'ombe huyo ni aibu ya ukoo mzima.

Katika karatasi ya Noëlla imeandikwa Tajiri aseme, Jirani yangu, chukua ng'ombe huyu. Basi. Nimeisoma karatasi hiyo na nimeileta, afisa anayo. Pierre alipofika hapo alivua kofia. Katika mazoezi hakuwahi kuvua kofia. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata. Kisha akasema:

"Miye Mbonigaba wa Burungu, ninamupatia Esdras wa Kashuga ngombe Gaju. Mbele ya bantu bote."

Noëlla akawa anamnong'oneza kutoka pembeni, akidhani baba yake amechanganyikiwa. Papa Esdras alimtazama Pierre, akamtazama Gaju. Kisha akainua fimbo yake juu kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo:

"Mbonigaba amenipatia ngombe."

Alisema hivyo mara tatu, kama inavyotakiwa. Vikapigwa vigelegele. Watu wakasimama. Gaju akatembea mwenyewe hadi kwa mzee, bila kuvutwa, akaweka kichwa kifuani kwake. Hilo halikuwa kwenye karatasi pia.

Saa kumi na moja kamati ilitoa zawadi. Kikundi chetu kilikuwa cha kwanza, tukapata ngoma mbili. Zawadi ya mwigizaji bora, taa moja ya jua, alipewa Papa Esdras. Akawaambia wanakamati kwamba yeye hakuigiza. Wakacheka sana wakampigia makofi tena. Taa hiyo ndiyo ile iliyo juu ya meza ya afisa.

Jioni Papa Esdras aliniuliza kama anaweza kumwacha Gaju alale penye gari letu, aje kumchukua asubuhi, maana kwa binti yake hakuna zizi na anataka kwanza kukata miti. Nilimjibu alale salama. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Kwa Pierre sikusema hata hilo. Alikaa karibu nami anachezea kofia yake, nikamwachia aichezee. Nilikuwa na hasira, afisa aandike hivyo. Ng'ombe niliyembeba mgongoni.

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu, Pierre na Noëlla walimpeleka mama mkwe kwenye misa ya kwanza. Mimi nilikuwa kisimani. Nilisikia Samy akipiga kelele ya mwizi. Nilipofika nilimkuta amemshika Papa Esdras kwa shati, na vijana kama kumi wamewazunguka. Mzee alikuwa na kamba yake mpya mkononi na mzigo wa majani mabichi kichwani, ya kumlisha Gaju njiani. Simlaumu Samy. Hakuona mchezo. Aliona mtu anafungua ng'ombe wa dada yake.

Kiongozi wa vijana akaniuliza ng'ombe ni wa nani. Nikasema ni wangu. Akauliza kama nimemuuza. Nikasema sijamuuza. Yote mawili ni kweli, na niliishia hapo. Nilijua wazi kwamba bado kuna neno la tatu, nikalimeza. Papa Esdras hakujitetea. Walipokuwa wanamwondoa alisema tu:

"Mama mwenyewe anajua."

Wakamleta hapa saa moja. Mimi nilibaki pale nikimshika Gaju kamba, nikimwangalia akila majani ambayo mzee alikuwa ameyaleta. Aliyala yote.

Saa tatu Pierre aliposikia alikimbia hadi kituoni. Afisa ameniambia alichosema, kwamba alitoa kwa kweli na si kwa mchezo, lakini kwa kuwa ng'ombe ni wa mke wake, mdomo wake bila wangu ni bure. Hapo amesema kweli kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Mama mkwe naye alikuja, akaweka kiti chake mlangoni, akamwambia afisa kwamba mutoto yake hajuake kusema uongo mbele ya ngombe. Sijui kuhusu uongo mwingine.

Sasa afisa ameniuliza swali lake. Aliweka kalamu chini kwanza.

"Mama, ile ilikuwa teatri ao ilikuwa kweli?"

Nimemjibu kwamba kwa karatasi ya Noëlla ilikuwa teatri. Akaniuliza kama mimi, mwenye ng'ombe, nilipinga pale uwanjani. Nilisema sikupinga. Akaniuliza nani alianza vigelegele.

Nimeomba maji kidogo, nimepewa.

Ni mimi niliyeanza. Hakuna mwingine aliyethubutu kwa sababu wale wa Burungu wote walijua ng'ombe ni wa nani, walikuwa wananisubiri. Pierre alikuwa amesimama bila kofia ananisubiri. Ningeweza kukohoa tu, ingetosha. Nilimwona mzee ameinua ile fimbo ya miaka saba, na midomo yangu ikatangulia. Nilipiga peke yangu, mama mkwe akafuata, ndipo uwanja wote. Nilifurahi pale. Niliona baba yangu kama angekuwepo angefurahi. Hasira ilikuja baadaye, nilipoanza kufikiria maziwa.

Kwa hiyo Papa Esdras hakuiba. Alikuja kuchukua kilicho chake, kweupe, na majani kichwani. Aliyekosa leo asubuhi ni mimi, kwa kunyamaza, na kama kuna wa kukaa kwenye chumba kile cha mahabusu niambiwe. Afisa amesema hakuna sheria ya kumfungia mtu vigelegele.

Nina jambo moja la kuongeza. Kwetu aliyepewa ng'ombe humrudishia aliyempa ndama mmoja jike. Mimi nataka wa kwanza. Nataka mwekundu kama mama yake, lakini hilo namwachia Mungu. Na Papa Esdras asimfunge Gaju kamba fupi. Yeye anajua, lakini nataka iandikwe.

Sikulazimishwa na mtu, wala Pierre hakunituma, maana atayajua haya nikitoka. Niliyoyaona na kuyatenda ndiyo hayo niliyoyasema.

(Sahihi) Uwamariya Athanasie

*Maandishi ya afisa:*

*Shahidi amesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, ameyakubali na ametia sahihi. Mlalamikaji, Bwana Samy, ameondoa malalamiko na amemwomba mzee radhi kwa habari ya shati. Bwana Esdras ameachiliwa saa sita na dakika kumi na amerudishiwa taa yake. Kamba ya mtamba amekabidhiwa na shahidi kwa mkono wake mwenyewe, mbele yangu. Mume wa shahidi ameruhusiwa kuingia.*

*Kabla ya kuondoka, shahidi ameomba sahihisho moja pale mwanzo. Palipoandikwa "nina ng'ombe mmoja", pasomeke "nasubiri ndama mmoja". Nimesahihisha.*

*Dusabimana, OPJ*